Fundisho la 19: Je, siasa ina mizani yake yenyewe?





Katika mafundisho yaliyotangulia tulizieleza amri za Mungu moja moja. Tulisema kwamba amri ya tano yakataza kuua, ya saba yakataza kuiba, ya nane yakataza kushuhudia uongo. Hakuna aliyebisha. Lakini tangu siku ile, popote tupitapo kuvitembelea vijiji, twaulizwa swali moja. Wengine huliuliza kwa unyofu, wengine kwa kucheka. Husema: «Mwalimu, maneno yako ni ya kweli kwa mambo ya nyumbani, ya shambani na ya sokoni. Lakini siasa ni kitu kingine. Siasa ni siasa. Mkubwa akizishika amri kumi, hatatawala hata juma moja.»

Swali hilo si dogo, wala halifai kujibiwa kwa hasira. Maana kama siasa ina mema yake na mabaya yake, mbali na yale ya Mungu, basi iko sehemu ya maisha ya watu ambamo Mungu si Bwana. Na sehemu hiyo ndiyo yenye askari, magereza, kodi na mipaka ya mashamba yetu sote. Haya basi, na tulichungue neno hili polepole.

1. Mawe mawili katika mfuko mmoja

Ninyi mnaouza karanga na mchele mwawajua wachuuzi wa namna mbili. Mmoja ana jiwe moja la kupimia. Akinunua hutumia hilo, akiuza hutumia hilo hilo. Mwingine ana mawe mawili. Akija kununua karanga zenu, kilo yake ni kubwa; akija kuwauzia chumvi, kilo yake ni ndogo. Mkimwuliza sababu, hucheka na kujibu: «Biashara ni biashara.» Mungu alikwisha kuyakataza mawe hayo mawili zamani sana, kwa kinywa cha Musa, kama tusomavyo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 25.

«Biashara ni biashara», «Siasa ni siasa»: maneno haya mawili yamezaliwa na mama mmoja. Tena chungueni ni nani ayasemaye. Je, mmepata kumsikia mjane aliyenyang'anywa shamba lake akisema: «Si kitu, siasa ni siasa»? Hata siku moja. Neno hilo husemwa na yule aliyepata, au na yule atumainiye kupata. Yule aliyepunjwa husema neno jingine, husema: «Nimeonewa.» Hata mkubwa mwenyewe, siku anapopinduliwa na kutiwa gerezani, husahau kwamba siasa ni siasa, hulia akidai haki. Wazee walisema kweli: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

2. Siasa ina ujuzi wake

Hata hivyo, tumpe mwulizaji haki yake. Iko kweli ndani ya neno lake.

Mtazameni seremala. Mtu mwema asiyejua kupiga randa atafanya mlango mbovu, hata akisali rozari tatu kila siku. Useremala una ujuzi wake, nao hujifunzwa. Vivyo hivyo kutawala. Daraja lijengwe upande gani wa mto? Kodi iwe kiasi gani? Fedha zikiwa chache, tuanze na shule au na zahanati? Tumchague huyu au yule? Kwa mambo kama hayo wakristu wawili wenye imani moja waweza kuwa na mawazo mawili, wala asiwepo mkosefu kati yao. Maaskofu wa dunia yote, waliokusanyika katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, walifundisha hayo waziwazi mwaka 1965: mambo ya dunia yana kanuni zake ambazo watu hawana budi kuzichunguza na kuziheshimu. Lakini waliongeza kwamba mamlaka ya serikali hayana ruhusa ya kuvuka mipaka ya wema na haki.

Kwa sababu hiyo mwalimu wa dini hana ruhusa ya kusimama kanisani na kusema: «Mungu amemchagua fulani awe mjumbe wenu.» Mungu hakumwambia hivyo. Likumbukeni neno hili, maana baadaye tutalirudia kwa aibu yetu wenyewe.

Tena, mtawala hufanya mambo ambayo mtu mwingine haruhusiwi kuyafanya. Hakimu humfunga mwizi gerezani. Lakini wewe ukimfungia jirani yako ndani ya ghala, umekosa. Je, hakimu ana maadili mengine? Hapana. Tazameni mganga wa hospitali: huchukua kisu, hupasua tumbo la mgonjwa, nasi twamshukuru. Amri ya kumpenda jirani ni ile ile. Ila kazi yake yamdai tendo lile ili kuokoa. Hali kadhalika mkubwa aweza kuitunza siri ya nchi. Kutunza siri si kudanganya. Padri naye huitunza siri ya maungamo, wala si mwongo. Mkubwa aweza pia kukubali nusu ya jema, akishindwa kulipata lote. Hayo si dhambi, bali ni busara, na busara ni fadhila.

Lakini ujuzi peke yake hautoshi. Babu zetu waliwahadithia wazazi wetu mambo ya mpira, wakati Kongo ilipokuwa mali ya mfalme Leopold II, tangu mwaka 1885 hata mwaka 1908. Watu wale hawakukosa ujuzi. Kilo za mpira zilihesabiwa. Risasi walizopewa askari zilihesabiwa. Hata mikono ya watu iliyokatwa ilihesabiwa, ili askari waonyeshe kwamba hawakuzipoteza risasi bure. Kila kitu kilikuwa na kipimo chake. Kipimo kimoja tu ndicho kilichokosekana.

3. Mfalme na mkulima mbele ya Mungu

Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21, chasimulia habari za mkulima mmoja, jina lake Nabothi. Shamba lake la mizabibu lilipakana na nyumba ya mfalme Ahabu. Mfalme alilitamani, akataka kulinunua au kumpa jingine. Nabothi alikataa, kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake. Ahabu alirudi nyumbani, akalala kitandani, akageuza uso wake ukutani, akakataa kula.

Ndipo mkewe Yezabeli alipomwuliza kama yeye si mfalme tena. Angalieni swali hilo. Maana yake ni hii: mkulima ana sheria zake, mfalme ana zake. Yezabeli aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri. Wazee wa mji walitangaza siku ya kufunga. Mashahidi wawili waliletwa, kama sheria ilivyotaka. Nabothi alihukumiwa kwamba amemtukana Mungu na mfalme, akapigwa mawe hata kufa. Kwa macho ya serikali, hakuna kilichopungua: barua, muhuri, wazee, mashahidi, hukumu.

Kisha Mungu alimtuma nabii Eliya. Naye, alipomkuta mfalme ndani ya shamba lile, alimwuliza nini? Hakuleta sheria maalumu ya wafalme. Alimwuliza juu ya mtu aliyeuawa na shamba lililoibwa: ndiyo amri ya tano na amri ya saba, zile zile tunazowafundisha watoto wetu chini ya mti. Ahabu alikuwa na jeshi, Eliya alikuwa na vazi lake tu. Lakini aliyeogopa ni Ahabu.

4. Hoja ya Kayafa

Sasa twafika mahali pagumu. Wako watu wasiotetea wizi wala tamaa. Hao husema hivi: «Mtawala mwema lazima mara nyingine atende ovu, si kwa tumbo lake, bali kwa ajili ya watu wengi.»

Mtu mmoja wa mji wa Florence, nchi ya Italia, jina lake Niccolò Machiavelli, alikiandika kitabu juu ya neno hilo mwaka 1513. Kilipigwa chapa mwaka 1532, yeye alipokuwa amekwisha kufa. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameitumikia serikali ya mji wake miaka mingi, kisha akafukuzwa, akafungwa, akateswa. Aliiona nchi yake imegawanyika, na majeshi ya wageni yakipita humo. Basi akafundisha kwamba mtawala atakaye kudumu hana budi kujifunza pia kutokuwa mwema, na kuutumia ujuzi huo palipo lazima, kwa sababu anaishi kati ya watu wengi wasio wema. Wengi waliomfuata hawakujua hata jina lake. Kwetu hawakisomi kitabu chake, lakini husema: «Dawa ya moto ni moto.»

Zamani kabla yake, mtu mwingine aliisema hoja hiyo kwa ufupi zaidi. Mtakatifu Yoane atusimulia katika sura ya 11 ya Injili yake. Wakubwa wa Wayahudi walikutana wakiogopa kwamba Waroma watakuja kuiharibu nchi yao, kama watu wote wakimwamini Yezu. Hofu yao haikuwa ya bure. Waroma walikuwa wakali kweli. Kayafa, kuhani mkuu wa mwaka ule, aliwaonyesha kwamba yafaa mtu mmoja afe, taifa lote lisiangamie. Hesabu rahisi: mmoja kwa wengi. Mkutano haukuona kosa ndani yake. Lakini yule mmoja alikuwa nani? Alikuwa Mwana wa Mungu.

Kosa la hesabu hiyo ni nini? Kwanza, neno «lazima». Nani aamuaye kwamba ni lazima? Siku zote ni yule yule afaidikaye. Mfungulie mkubwa mlango wa «lazima» mara moja tu, hataufunga tena. Kila juma atapata lazima nyingine. Pili, mtu si kilo ya karanga, hata tumwongeze upande mmoja wa mizani na kumpunguza upande mwingine. Mkubwa amepewa mamlaka ili amlinde kila mmoja. Akimwua asiye na kosa, ameivunja kazi ile ile aliyosema anaiokoa. Tatu, chungueni serikali inakaa juu ya nini. Inakaa juu ya kiapo cha shahidi, juu ya neno la hakimu, juu ya tumaini la mlipa kodi kwamba fedha yake itafika. Uongo ukizila nguzo hizo, mkubwa hasadikiwi tena. Hubaki na fimbo tu. Basi wema si ukingo uliowekwa nje ya siasa kuizuia isifanye kazi. Wema ni nguzo za nyumba yenyewe.

Na taifa lile liliokoka? Mwaka 70 Waroma waliuteketeza mji wa Yeruzalemu pamoja na hekalu.

Nchi yetu nayo imeijua hesabu ya Kayafa. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa katika Katanga tarehe 17 Januari 1961, pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Hawakufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Waliohusika walikuwa wa nchi hii na wa nchi za ng'ambo, na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya siasa: huyu aliwaogopa Wakomunisti, yule aliitetea Katanga yake, mwingine alidai kwamba nchi itatulia. Hatusemi hapa kama Lumumba alitawala vema au vibaya. Juu ya hilo watu waweza kubishana. Twasema tu kwamba mtu hauawi hivyo. Hata mwili wake uliharibiwa, ili pasiwe na kaburi. Lilibaki jino, nalo lilirudishwa kwa jamaa yake mwezi wa sita mwaka 2022.

Nchi ilitulia? Mwaka 1964 vita vya uasi viliwaka, na waasi walilitaja jina lake. Katika vita hivyo maelfu walikufa, na tarehe 1 Desemba aliuawa huko Isiro Mwenye heri Anuarite, bikira na mfiadini.

Kisha, miaka karibu 40 ilipopita, bunge la Ubelgiji liliunda tume ya kuchunguza kifo kile. Mwaka 2001 tume ilisema kwamba baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji wa wakati ule walikuwa na lawama ya kimaadili kwa mambo yaliyompeleka Lumumba kwenye kifo. Mwezi wa pili mwaka 2002 serikali ya Ubelgiji iliomba msamaha. Lisikieni neno hilo vizuri. Bunge ni nyumba yenyewe ya siasa. Lakini lilipotaka kulipima tendo la siasa, halikupata mizani nyingine ila ile ya mema na mabaya.

Hata hivyo msidhani twasema kwamba uovu hushindwa daima na upesi. Hapana. Mara nyingi hufaulu, na waovu huzeeka katika nyumba nzuri. Hatuukatai uovu kwa sababu haufaulu. Twaukataa kwa sababu ni uovu.

5. Mabati ya kanisa letu

Wapenzi, si haki kuwanyooshea vidole wafalme na mawaziri, tukajificha sisi. Sisi tunaosema nanyi tulikosa, nasi twawaambieni kosa letu ili liwafae.

Mwaka 2011, wakati wa uchaguzi, kanisa la kijiji tulimofundisha lilikuwa bado la majani. Mvua iliponyesha, watoto walisogea huku na huku wakitafuta mahali pakavu. Mgombea mmoja alituletea mabati 60. Hakuomba jambo kubwa. Aliomba tu kwamba siku ya Dominika, baada ya ibada, tumruhusu kuwasalimu watu, na sisi tuseme kwamba yeye ni mtu aliyeletwa na Mungu. Tukasema hivyo. Kisha akasimama, akawaambia watu kwamba mpinzani wake, mkristu wa kijiji cha jirani, alikula fedha za zahanati.

Sisi tulijua kwamba si kweli. Daftari la zahanati liliandikwa kwa mkono wetu huu. Tulijua kila franka iliyoingia na kila franka iliyotoka. Watu walitugeukia, wakatutazama usoni. Tukatazama chini.

Mioyoni tulijiambia maneno yale yale: Ni siasa tu. Kesho yatasahauliwa. Tena mabati ni kwa ajili ya nyumba ya Mungu. Ndivyo Kayafa alivyokaa ndani yetu: heri jina la mtu mmoja lipotee, watu wote wapate paa.

Mabati yalipigwa. Lakini neno lile halikusahauliwa. Watoto wa mtu yule waliitwa watoto wa mwizi njiani kwenda shule. Mkewe aliacha kuja ibadani. Miaka miwili ikapita. Siku moja, tulipokuwa tukiwafundisha wakatekumeni amri ya nane, mzee mmoja asiyejua kusoma aliinua mkono, akauliza bila hasira: «Mwalimu, siku ile ya mabati, amri hii ilikuwa imekwenda safari?»

Hatukuwa na jibu. Tulilifunga fundisho mapema. Jumamosi tulitembea hata misioni, tukaungama. Padri alitukumbusha hivi: aliyeiba mbuzi hurudisha mbuzi, aliyeiba jina la mtu hurudisha jina, na mahali pale pale alipoliiba. Baadaye tulimwuliza kama yatupasa kuyabomoa mabati yale. Akatujibu: «Mabati hayana dhambi. Yaacheni; watoto wasilowe kwa kosa lenu.»

Dominika iliyofuata tulisimama mbele ya watu na daftari mkononi. Tulilisoma toka mwanzo hata mwisho, tukasema kwamba tulinyamaza tukiijua kweli. Kisha tulikwenda kwa mtu yule nyumbani kwake. Alitupa kiti, akatusikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: «Nimewasameheni. Lakini mke wangu hatalisikia neno hili. Alikufa mwezi wa nne, akiitwa mke wa mwizi.»

Ndugu zetu, siku ile ya mabati tulikosa mara mbili. Tulisema pale tulipopaswa kunyamaza: kwani hatukujua ni nani Mungu anamtaka bungeni. Tena tulinyamaza pale tulipopaswa kusema: kwani tulijua ni nani anasingiziwa. Mambo ya ujuzi tuliyafanya kuwa amri ya Mungu, na amri ya Mungu tuliifanya kuwa jambo la siasa.

6. Muhuri wa kijana wa Goma

Yuko mwingine aliyefanya vema zaidi kuliko sisi, naye ni mtoto wa nchi hii. Floribert Bwana Chui alizaliwa katika mji wa Goma mwaka 1981. Alikuwa mmoja wa jumuiya ya Sant'Egidio, akiwasaidia watoto wa mitaani. Serikali ilimpa kazi ya kukagua vyakula vinavyoingia mpakani. Hakuwa waziri wala jemadari. Mamlaka yote aliyokuwa nayo ni kusema: chakula hiki kipite, kile kisipite.

Ililetwa shehena ya mchele ulioharibika. Alipewa fedha ili auache upite. Akakataa. Alitishwa, asikubali. Mwezi wa saba mwaka 2007 alitekwa, akateswa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta, Eklezya ilimtangaza kuwa mwenye heri.

Tazameni jinsi mambo yale mawili tuliyoyaeleza yalivyoungana ndani yake. Alikuwa na ujuzi: aliujua mchele mzuri na mchele mbaya. Alikuwa na dhamiri: hakuuita mbaya mzuri. Ujuzi wake usingalimwokoa mtu yeyote, kama dhamiri yake ingaliuzwa. Nao watu wengi ambao wangaliula mchele ule hawakumjua, wala hawakujua siku ile kwamba ameteswa kwa ajili yao.

7. Mambo yatupasayo

Pengine mtasema: «Sisi si wakubwa. Fundisho hili latuhusu nini?» Latuhusu sana. Kapita anayegawa mashamba ana siasa. Mzee wa baraza anayekata shauri la mahari ana siasa. Kijana anayekaa kwenye bariere na kudai fedha za wapita njia amekwisha kujifanya serikali ndogo. Na kila mmoja wetu, siku anapotia kura yake katika sanduku, hushika kipande cha utawala.

Basi, kwanza, msiiuze kura yenu kwa chumvi wala kwa kitenge. Atakayeinunua leo ataitafuta fedha yake kesho, na ataitafuta kwenu.

Pili, msieneze neno baya juu ya mpinzani wa mtu wenu kama hamlijui kuwa kweli. Na mkilijua kuwa uongo, msinyamaze.

Tatu, msiseme: «Ni mwizi, lakini ni wa kabila letu.» Huo ndio mfuko wa mawe mawili.

Nne, mkipata mkubwa anayejitahidi kutenda haki, msimdharau kwa kuwa hakuwapa zawadi. Mwombeeni, mlipeni kodi iliyo halali, mshauri naye kwa unyofu.

Tano, yule aliyekosa katika mambo hayo asikate tamaa, wala asifikiri kwamba maungamo yatosha bila malipo. Airudishe mali, alirudishe jina, na asichelewe kama tulivyochelewa sisi.

Maswali ya kurudia

Mwalimu wa kijiji ayasome maswali haya mara mbili, nao watu wajibu pamoja.

Je, kutawala kuna ujuzi wake?
Ndiyo. Kutawala kuna ujuzi wake, nao hujifunzwa kama kazi nyingine. Na katika mambo ya ujuzi wakristu waweza kutofautiana bila dhambi.

Je, siasa ina mema na mabaya yake, mbali na amri za Mungu?
Hapana. Mizani ni moja kwa mfalme na kwa mkulima.

Kwa nini basi hakimu aweza kumfunga mtu, nami siwezi?
Kwa sababu kazi yake yamdai kuilinda haki ya wote. Kazi ni mbalimbali, mizani ni moja.

Je, ni halali kumdhulumu mmoja asiye na kosa ili wengi wapate faida?
Si halali kamwe. Hiyo ni hesabu ya Kayafa.

Aliyelichafua jina la jirani yake wakati wa uchaguzi afanye nini?
Atubu, aungame, alirudishe jina hilo mbele ya wale waliousikia uongo.

Sala

Ee Mungu, Bwana wa mbingu na nchi, wewe huna mizani mbili. Wape wanaotutawala ujuzi wa kazi yao na hofu ya jina lako. Utupe sisi ulimi usiosema uongo, na uso usiotazama chini pale ukweli unapotudai. Uwakumbuke wote waliokufa wakiwa wamesingiziwa, uwarudishie mbele yako jina tulilowanyang'anya. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza amri ya tisa. Kaeni na amani.